Vidude Kumi na Tisa Kwenye Kebo

Mimi si mtu wa kujipiga kifua, lakini ukweli usemwe: kutoka mtaa wa Fedha mpaka Pipeline, hapa Nairobi, hakuna mwanamke mwingine anayefungua injini, na kati ya wanaume wanaoifungua, nusu hawajui kuirudisha. Uliza yeyote. Atakuambia nenda kwa Muhonja, kwenye ua wa mabati karibu na stendi ya bodaboda, utamkuta ana oili mpaka viwikoni na maneno mpaka kooni. Ya oili ni kweli tupu. Ya maneno, ngoja uone.

Juu ya mlango wa gereji yangu palining'inia kebo kuukuu ya klachi iliyotungwa themostati kumi na tisa. Themostati ni kidude cha shaba kinachotosha kwenye kiganja, na kazi yake ni ya bawabu. Injini ikiwa baridi, huyazuia maji yasiende kwa radieta. Injini ikipata moto, huyafungulia njia yakapoe. Aliyenifundisha kazi, Mwalimu Shiundu, aliniambia juma langu la kwanza, "Muhonja, hiki kimetengenezewa nchi za theluji. Hapa Nairobi hakina kazi. Kitoe." Nikakitoa kwenye gari lake mwenyewe, hilo ndilo nililojifunzia, naye akanipa kidude kile kiwe ukumbusho wangu. Ndicho kilichokuwa cha kwanza kwenye kebo.

Tangu siku hiyo, gari lolote likija linachemsha nilikosha radieta, nikatoa themostati, nikaitunga pamoja na zenzake. Gari liliacha kuchemsha na mteja akaondoka anaimba. Wachache waliorudi na tatizo lile lile niliwalaumu kwa pampu kuukuu, kwa maji ya chumvi ya kisima, na mmoja nilimlaumu kwa uendeshaji wake, akaomba radhi. Kebo ikazidi kurefuka, nami nikaipenda kama bibi arusi anavyopenda shanga zake.

Basi Jumamosi moja jioni gari la Mzee Nzomo lililetwa kwangu likivutwa kwa kamba na kanta, lori dogo la mchanga.

Mzee Nzomo ni Mkamba wa Mwala, mtu wa maneno machache na kalamu mbili mfukoni. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa karani wa saa katika kiwanda kimoja hapo eneo la viwandani. Kazi yake ilikuwa kuandika nani ameingia saa ngapi na nani amechelewa dakika ngapi. Mkewe ni Syombua, sote twamwita Mama Ndinda, na ndiye anayeshona majoho ya kwaya ya nusu ya makanisa ya Eastlands na Ukambani. Nyonga yake ni mbovu. Hawezi kupanda matatu hata wakimsubiri, na kusubiri hawasubiri. Kwa hiyo miaka yote mume anaendesha na mke anapima. Gari lao ni Toyota Corolla rangi ya maziwa, namba yake yaanza na KAC, kwa hiyo ukilihesabu umri ni mtu mzima mwenye watoto. Kiti cha nyuma kilitolewa zamani ili marobota ya vitambaa yapate kulala.

Siku hiyo walikuwa wakipanda milima ya Mua kupeleka majoho thelathini na mawili. Katikati ya mlima mvuke mweupe ukafumuka, injini ikakohoa mara mbili, ikanyamaza.

Nilichomoa kijiti cha kupimia oili. Oili ilikuwa rangi ya chai ya maziwa. Fundi akiona hivyo hahitaji kupiga ramli: gasketi inayotenganisha maji na oili imepasuka, navyo vimeoana.

"Mzee, huyu ameenda," nikasema. "Injini ina zaidi ya miaka thelathini. Ukifungua hapa leo, kesho panaanza pale. Usitupe hela kwa maiti. Uza kwa kilo."

Mzee Nzomo alilitazama gari, akanitazama mimi. "Una hakika, Muhonja?"

Swali lile liliniudhi. "Mzee, umewahi kunikuta sina hakika?"

"La," akasema, na ilikuwa kweli.

Mama Ndinda alikuwa bado ameketi kiti cha mbele, mlango wazi, fimbo yake mapajani. Kiti kile nilikishusha mimi mwenyewe ili aweze kuingia na kutoka bila kushikwa mkono. Alipapasa dashibodi kwa kiganja.

"Basi nami nimemaliza," akasema. "Hizi teksi za simu zinakataa marobota. Na kwaya haiji Fedha kupimwa, watu arobaini watakujaje? Nitauza mashine zote tatu, turudi Mwala tukahesabu mbuzi."

"Mbuzi wenyewe wanne," mzee akasema.

Nilimhurumia, sikatai. Lakini huruma haiwashi injini, na mimi nilikuwa nimeshatoa hukumu. Nikampigia Mulongo, mnunuzi wa vyuma vikuukuu kutoka Mukuru kwa Njenga, akasema atakuja Jumatatu saa tisa alasiri.

Jumatatu asubuhi nilianza kulivua gari vile vinavyouzwa kando. Kifuniko cha injini, tunachokiita hedi, ni alumini, na alumini haichanganywi na chuma kwenye mizani. Nikalegeza bolti, nikakiinua. Ni kweli kilikuwa kimepinda kwa joto na gasketi ilikuwa imeungua. Nikachungulia ndani ya silinda, nikitegemea kuona uzee: kuta zilizolika, mikwaruzo, masizi.

Sikuona kitu. Kuta zilikuwa na michirizi yake ya kiwandani bado, safi, kama injini iliyotembea miaka mitano. Nikapitisha kidole silinda zote nne. Huyu hakufa kwa uzee. Na hapo nilikasirika, maana mimi sipendi maiti anayenibishia.

Saa tatu na nusu Mzee Nzomo akaingia na mfuko wa karatasi wenye madaftari matano.

"Ya gari," akasema. "Mulongo apewe pamoja nalo."

Nilicheka mpaka spana ikaniponyoka. "Mzee! Mulongo anayeyusha, hasomi."

"Kitu kikitoka hutoka na rekodi zake," akajibu bila kucheka. Akayaweka kwenye benchi, akaenda benki ya jirani kuchukua kitabu cha gari alichokuwa amekihifadhi huko.

Nikafungua daftari moja ili nipate la kumtania. Kila safari ilikuwa na mstari wake: tarehe, mahali, na pale sindano ya joto iliposimama. Kwa mwandiko wa karani, herufi zimesimama wima: *Machakos, kupanda. Nusu. Kitui. Nusu. Mua, kupanda. Nusu.* Kurasa na kurasa za nusu. Halafu, miaka mitatu iliyopita, mwezi wa Mei, mara mbili *inachemsha*, kisha mstari huu: *Muhonja amekosha radieta na kutoa themostati. Themostati ametoa bure. Mungu ambariki.*

Mstari uliofuata: *Mjini. Robo.* Nikatabasamu. Mstari wa pili: *Machakos, kupanda. Robo tatu.* Tabasamu likakwama. *Kitui. Robo tatu. Mua, kupanda. Imepita robo tatu, tulipumzika. Thika. Nusu. Mua. Imepita robo tatu, tulipumzika mara mbili.* Ikaendelea hivyo miaka mitatu, mpaka Jumamosi.

Nilifunga daftari kama mtu aliyefungua mlango wa bafu na kumkuta mkwewe.

Themostati ya gari lile ilikuwa ya kumi na nne kwenye kebo. Nazijua zote kwa sura. Nikaifungua, nikaenda kwa Habibo, muuza chai wa jirani, nikamwomba sufuria ya maji yanayotokota.

"Unapika supu ya chuma?" akaniuliza.

"Nipe tu, dadangu."

Nikakitumbukiza kidude kwa uzi. Nisikie aibu kusema? Nasikia, lakini nasema: nilikuwa nimetoa kumi na tisa, na sijawahi hata siku moja kukitazama kimoja kikifanya kazi. Maji yalipopata moto kikafungua kinywa taratibu, kama nilivyojua. Lakini upande wa chini, mahali ambapo sikuwahi kupachunguza, kikanyoosha mguu wenye kisahani bapa. Nilikitoa, kikapoa, mguu ukarudi. Nikakirudisha, mguu ukatoka.

Nikakimbia kwenye injini. Ndani ya nyumba ya kile kidude, chini kabisa, pana tundu ambalo nililiona mara mia na kulipita. Kisahani kiliingia kwenye tundu lile sawasawa, kama kifuniko na sufuria yake. Sasa nikaelewa. Injini ikipata moto, kidude hufungua mlango wa radieta na wakati huo huo hufunga mlango wa nyuma, ili maji yote yaende kupoa. Mimi nilipokitoa niliacha mlango wa nyuma wazi. Maji ya moto yalikuwa yakitoka injini na kurudi injini bila kuiona radieta. Mjini, kwenye safari fupi, huoni tofauti. Mlimani, na marobota ya vitambaa nyuma, unachemka polepole miaka mitatu. Na magari yote yale yaliyopona mikononi mwangu yaliponywa na kule kukosha radieta tu. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nilikuwa nimekitundika juu ya mlango nikitazame kila asubuhi.

Kilonzo, fundi wa kibanda kinachopakana na changu, alikuwa ameona mbio zangu. Nikamweleza. Yeye pia hutoa themostati, ila huzitupa. Alikuna kichwa kwa muda.

"Fundi, sikiza," akasema. "Hiyo gari saa tisa inaenda kuyeyushwa. Tanuri haiongeangi. Ukinyamaza, hakuna msee atajua. Ukiongea, kesho Fedha yote inasema Muhonja huua magari. Si una mtoto sekondari? Usijichome bure."

Ningependa kukuambia nilimkemea. Sikumkemea. Nilimwambia ana akili, na nikaenda kupanga spana zangu kwa ukubwa, kazi ambayo sijawahi kuifanya maishani. Jina langu ndilo duka langu. Sina bango, sina cheti. Nina watu wanaosema nenda kwa Muhonja. Mzee na mkewe walikuwa wameshakubali. Walikuwa hawalii. Mwala kuna hewa nzuri. Nilijipa sababu moja baada ya nyingine, na kila moja ilionekana nzuri kwa dakika kumi hivi.

Lakini kulikuwa na jambo moja lisilonipa nafasi. Niliposema gari liuzwe, nilisema hivyo kwa sababu niliamini limezeeka, na kilichozeeka hakirudi. Sasa nilijua halikuzeeka. Lilikuwa na kidonda kimoja, na kidonda kile mimi ndiye niliyekitia. Hukumu yangu ilikuwa ya uongo, na bibi mmoja alikuwa anauza mashine zake kwa sababu yake.

Saa tisa kasorobo wakaja wote wawili, mzee na kitabu cha gari, mkewe na fimbo na kifurushi cha gazeti. Mulongo naye akaingia na pikapu yake na vijana wa kubeba.

"Niaje wazito," akasema, akilipiga gari teke kwenye gurudumu kama mtu anayechagua mbuzi. "Hii mko tayari nipakie?"

"Ngoja kidogo, mwanangu," Mama Ndinda akamwambia. Akanigeukia. "Muhonja, kabla hatujaenda. Kulibaki kitambaa kutoka kwenye majoho ya mwisho. Nikaona nisiache kikaliwa na panya."

Akafungua gazeti. Lilikuwa koti la kazi, rangi ya damu ya mzee, mifuko minne, mishono miwili kila mahali. Juu ya mfuko wa kifuani alikuwa ametarizi kwa uzi wa dhahabu, ule wa misalaba ya kwaya: MUHONJA, FUNDI.

"Livae nione kama mabega yamekaa."

Sikuweza. Nilirudi nyuma hatua moja. Kilonzo alikuwa amesimama kwenye mwanya wa mabati akinitikisia kichwa: nyamaza.

"Mama Ndinda, usinipe," nikasema. "Gari hili ni mimi niliyeliua."

Nikawaeleza. Sikupamba, maana mficha maradhi kifo humuumbua. Nilileta sufuria ya Habibo na kidude na uzi, nikawaonyesha mguu ukitoka na kurudi, nikawaonyesha tundu. Nikafungua daftari kwenye ule mstari wa baraka, nikawasomea mistari iliyofuata. Mulongo aliacha kutafuna majani yake ya muguka.

Mama Ndinda aliupapasa uzi wa dhahabu kwa kidole. Kisha akasema, bila kupandisha sauti, "Miaka mitatu nakuombea kwa jina. Kila Jumapili, wengine wakishukuru kwa watoto wao, mimi nashukuru kwa fundi wetu."

Hakuna tusi lililowahi kuniuma hivyo. Akalikunja koti, mkono juu ya mkono, akalirudisha kwenye gazeti. "Hili nalishika kwanza," akasema.

Mzee Nzomo alikuwa ametoa kalamu. "Jambo hili umelijua saa ngapi?"

"Saa nne asubuhi, mzee."

Akatazama saa yake. "Sasa ni saa tisa na dakika ishirini." Akaandika. "Umechelewa saa tano na dakika ishirini."

"Ndiyo, mzee."

"Lakini umeingia," akasema, akafunga kalamu. "Wapo walioruka ukuta wakaenda zao."

Nilitaka kulia na kucheka, nikazuia vyote viwili. "Na wewe mzee, uliona sindano inapanda miaka mitatu. Mbona hukuniambia hata siku moja?"

Hilo ndilo lililomfanya ainamishe kichwa. "Niliandika. Sikukuuliza. Nilijiambia, Muhonja ana hakika."

Nikavuta pumzi. Nikamgeukia Mama Ndinda, maana mwenye uamuzi alikuwa yeye. "Juzi nilisema uzeni bila kufungua. Leo nimefungua. Kuta za silinda ni nzuri kuliko za magari ya vijana wanaopita hapa wakipiga honi. Hedi inasawazishwa kwenye mashine hapo viwandani, gasketi mpya, oili mpya, na kidude hiki kinarudi mahali pake na mpira mpya. Gharama zote ni zangu, kuanzia mashine hadi bolti. Na safari hii sisemi nina hakika. Nasema twende Mua, mjionee wenyewe."

Bibi akaitazama ile sufuria iliyokuwa bado inatoa mvuke. "Mashine nimeshaahidi mtu wa Pipeline," akasema. "Anakuja kesho."

"Mwambie asije."

"Usiniamrishe, Muhonja."

"Samahani, mama. Nakuomba, mwambie asije."

Alitoa simu mfukoni, akavaa miwani yake taratibu, akatafuta namba. "Ni Mama Ndinda," akasema. "Zile mashine haziuzwi." Akakata bila kuongeza neno.

"Sasa mimi nimekuja bure?" Mulongo akalalamika. Nikampa milango miwili ya Datsun iliyokuwa inanikwaza tangu mwaka jana, akaondoka ameridhika. Kilonzo alikuwa ameshatoweka kwenye mwanya.

Kazi ilinichukua siku tisa. Sikukata kona hata moja. Hata zile bolti nilizifunga kwa mpangilio wa kitabu, kitabu chenyewe nimekiazima kwa mtu, mimi ambaye nilikuwa nawacheka wanaosoma. Injini ilipowaka ilinguruma kama haikuwahi kuumwa. Na bado sikujisifu, na wanaonijua walidhani naumwa mimi.

Jumamosi tukaenda Mua. Mama Ndinda mbele, mimi nyuma juu ya marobota, goti limegusa kidevu. Mwanzo wa mlima mzee alinipa daftari na kalamu, wala hakugeuka.

"Mimi naendesha. Wewe soma sindano, uandike."

Jua lilikuwa kali na mlima ulikuwa ule ule. Nilinyoosha shingo katikati ya viti viwili. Kona ya kwanza, nusu. Tulipita pahali pale ambapo mvuke ulifumuka. Lami bado ilikuwa na doa. Nusu. Mama Ndinda alikuwa ameshika fimbo kwa mikono miwili na midomo yake ilikuwa inatembea, na sikuthubutu kuuliza kama jina langu lilikuwamo. Juu kabisa, mbele ya kanisa, mzee alisimamisha gari akaacha injini ikinguruma.

"Soma."

"Nusu, mzee."

"Andika."

Nikaandika *Mua, kupanda. Nusu*, na mwandiko wangu ukaonekana mbaya mno chini ya wake. Kwaya ilikuwa inatoka kutupokea. Mama Ndinda alishuka mwenyewe, akanyoosha mgongo, akaivuta tepu yake ya kupimia kutoka shingoni. "Haya," akawaambia, "sauti za juu wajipange upande huu." Nilifurahi mpaka nikahisi kizunguzungu, nikasingizia mwinuko.

Nilidhani yameisha. Jumatatu saa mbili kamili, si saa mbili na dakika moja, Mzee Nzomo aliingia gerejini na daftari jipya. Alikuwa amelipigia mistari kwa rula: jina, gari, siku ya kutoa, siku ya kurudisha. Akaketi kwenye kiti cha wateja.

"Hiyo kebo ishushwe," akasema.

"Mzee?"

"Zilikuwa kumi na tisa. Yangu imerudi. Hizo nyingine ziko kwenye magari ya watu." Akaongeza bila kuinua macho, "Na Mama Ndinda amesema koti litakuja kebo ikiisha."

Nikaishusha. Tukazitandaza kwenye benchi. Saba hazikuwa na ule mguu. Magari yake yana mpango mwingine wa maji, na kukosa kidude hakutayaua. Zenye mguu zilibaki kumi na moja, na wenyewe nawakumbuka wote, kwa sababu nilikuwa najivunia kila mmoja. Kilonzo alikuja akaegemea mlango. Nilimtazama nikingoja kejeli, lakini aliuliza tu kama nina uzi wa ziada, akaelekea kwa Habibo kuomba sufuria.

"Tuanze na cha kwanza kwenye kebo," mzee akasema. "Jina?"

"Shiundu," nikasema. "Mwalimu wangu."

Mwalimu Shiundu alirudi kwao Kakamega miaka sita iliyopita. Alipokea simu kwa shangwe, akaniuliza habari za mwanangu Ayuma, akaniuliza kama wanaume wa Fedha wamejifunza kufunga bolti. Nilimwacha acheke. Kisha nikamweleza kuhusu mguu, na tundu, na mlango wa nyuma. Nilimweleza polepole kama vile yeye alivyonieleza mimi miaka ile, nikiogopa atanikatiza, hakunikatiza.

"Kwa hiyo, Mwalimu," nikamaliza, "themostati yako ninayo hapa. Inafanya kazi, nimeijaribu. Naituma leo na basi la usiku. Usiliendeshe gari mbali kabla haijarudi."

Nilisikia kuku wa kwake wakilia.

"Gari lile lilichemsha mwaka juzi, kwenye kilima cha kanisani," akasema mwishowe. "Nikasema ni uzee. Nikaliuza kwa kilo." Akasita. "Muhonja, lilikuwa zima?"

Nilikishika kile kidude cha kwanza kiganjani. Miaka yote ile mlangoni na kilikuwa kinang'aa bado.

"Lilikuwa zima, Mwalimu."

Alinishukuru. Hilo ndilo lililonivunja: alinishukuru kwa kumwambia, akasema nisalimie watu, akakata simu. Nilibaki nimesimama na machozi yakinitoka waziwazi, na wala sikusingizia petroli.

Mzee Nzomo alingoja kwa muda aliouona unatosha. Kwenye safu ya kurudisha akachora mstari mmoja mnyoofu badala ya tarehe, akasogeza rula chini.

"Wa pili," akasema.